WRX yangu inanuka yai viza kila nikisimama safarini, fundi anataka kutoa masega

moro_bokser

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kabla kesho kutwa sijapeleka gari kwa fundi akafanya kitu ambacho hakirudishiki.

Nina Subaru Impreza WRX ya 2004, bodi ya GDA, injini EJ205 ya tabo (ile pampu inayozungushwa na moshi kusukuma hewa kwenye injini), manyuo ya gia tano. Huu mwaka wa tatu niko nayo. Naishi Dar ila kila baada ya wiki mbili naenda Morogoro kumuona mama, kwaiyo hii gari inakula barabara kweli, haikai nyumbani kupigwa picha.

Sasa kuna harufu imeanza kama mwezi na nusu uliopita. Nikiwa natembea sisikii kitu kabisa, natoka Kibaha napita Mlandizi mpaka Chalinze gari inavuta vizuri kama siku zote, ila nikisimama tu, labda trafiki kanipiga mkono au kuna foleni ya malori, ndani ya nusu dakika inaingia harufu kwenye matundu ya AC kama yai viza limechanganyika na mpira unaoungua. Mke wangu ndo wa kwanza kuisikia, mimi nilidhani ni ya nje, mtu anachoma tairi huko, lakini tuliposimama Chalinze ikaja ile ile na nilipofungua boneti ikawa kali zaidi. Siku moja usiku niliona na kamoshi kembamba kanatoka kwenye lile tundu la juu ya boneti, afu kakapotea.

Kinachonichanganya ni kwamba mjini hainuki. Naweza kukaa kwenye foleni Ubungo saa nzima, jua kali, AC inawaka, hakuna harufu yoyote. Mshale wa joto uko katikati, maji hayapungui, taa ya injini haijawaka, nguvu iko pale pale.

Nikapeleka gereji moja, sitaitaja. Jamaa akawasha, akakanyaga mafuta mara tatu akiwa amesimama nyuma ya gari, akasema masega ya eksozi (katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi) yameziba, hiyo harufu ya yai ndo dalili yake, dawa ni kuyatoa na kuunga bomba, 120,000. Halafu akaongeza kwamba nikimwachia yale masega hanidai hata shilingi ya ufundi. Hapo ndo moyo ukasita. Nikamwambia nipe siku mbili nijipange.

Kitu kingine labda kinasaidia, miezi minne iliyopita bomba linaloshuka kutoka kwenye tabo lilifunguliwa kwa fundi mwingine, gasketi ilikuwa inavujisha moshi. Baada ya hapo gari ilikuwa kimya mpaka hii harufu ilipoanza.

Je kweli ni masega? Na kama siyo, mtu anaanzia wapi kutafuta harufu ambayo haipo ukiwa gereji?

---

waya_mwekundu

Pole mkuu. Kabla ya yote pima chaji ya betri. Alteneta ikiwa inachaji kupita kiasi betri inachemka ndani na inatoa harufu ya yai viza kabisa, na inatoka zaidi safari ndefu kwa sababu huko ndo inachajiwa muda mrefu bila kupumzika. Chukua mita, weka kwenye tamino za betri gari ikiwa inaunguruma, ikisoma 13.5 hadi 14.5 uko salama, ikipita 15 hapo kuna shida. Angalia pia kama betri imevimba pembeni au ina unga mweupe kwenye tamino. Ukiikuta imevimba usiwashe kiberiti wala sigara karibu nayo, ile gesi inayotoka inalipuka, nimeona mtu kaungua uso.

Ni kitu cha dakika mbili, kifanye leo.

---

injini_lala

moro_bokser usitoe hayo masega kwanza, nakuomba. Mimi nashika Subaru kila siku na hiki kisa chako nimekisoma mara mbili, umeeleza vizuri kuliko wateja wengi, sasa hebu tukae na maelezo yako mwenyewe.

Masega yakinuka yai, harufu inatoka nyuma, kwenye mdomo wa eksozi. Mafuta yana salfa kidogo ndani, injini ikichoma mafuta mengi kupita hewa ile salfa inageuka gesi yenye harufu ya yai ikipita kwenye masega, na inatoka na moshi. Wewe unasema unaisikia kwenye matundu ya AC na ukifungua boneti inazidi. Hiyo ni ya mbele. Halafu masega yakiziba kweli gari inachoka, tabo inachelewa kuamka, kilimani inakufa, na wewe unasema inavuta kama siku zote. Kwaiyo fundi alinusa neno "yai" kwenye maelezo yako, hakunusa gari.

Kuhusu yeye kutaka kubaki nayo, ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, yana thamani kuliko hiyo 120,000 aliyokutajia. Simsemi vibaya mtu nisiyemjua ila ujue unachokiacha pale. Na kwa WRX ukifungua njia ya eksozi bila kurekebisha programu ya kompyuta, presha ya tabo inaweza kupanda kupita inavyotakiwa. Huo ni ugonjwa mpya unajinunulia.

Sasa kwa nini inanuka ukisimama tu. Gari ikitembea upepo unaingia mbele na kutokea chini nyuma, chochote kinachoungua huko chini kinabebwa kinaachwa barabarani. Ukisimama upepo unakata, joto linapanda juu, linapita pembeni ya injini, lingine linatokea kwenye tundu la boneti na lingine linavutwa na feni ya AC, maana AC inavuta hewa pale chini ya kioo cha mbele. Kwaiyo usifikiri kitu kinaanza kuungua ukisimama. Kimeungua njia nzima, umesimama ndo kimekufikia.

Na kwa nini mjini hakuna harufu? Hapa ndo penye jibu, nataka ulifikirie na wewe. Kingekuwa kinavuja kwa sababu ya joto tu, foleni ya Ubungo ingekuua kwa harufu, maana foleni ndo inapika injini kuliko safari. Oili ya tapeti kava (kifuniko cha valvu) kwa mfano, injini hizi zimelala, tapeti kava ziko pembeni na manifodi ya eksozi inapita chini yake, tone likidondoka linadondokea kwenye moto, na hiyo inanuka popote, mjini hasa. Yako inataka mwendo. Maana yake kuna kitu kinachozunguka kwa kasi kinarusha kitu kwenye bomba la moto.

Naomba majibu haya: harufu ikija, ukizungusha AC kwenye hewa ya ndani inakata? Ukisimama nje inanuka zaidi upande wa dereva au wa abiria? Ukilaza boksi la karatasi chini ya gari usiku, asubuhi kuna tone?

---

mama_altezza

Mdogo wangu mimi naongezea moja tu, pima joto la rimu zote nne ukisimama, usiziguse moja kwa moja, sogeza kiganja karibu. Mimi na Altezza yangu RS200 nilishuka Kitonga nikafika chini na harufu kama ya nywele zinaungua, kumbe breki ya nyuma kushoto ilikuwa imeganda haiachii, rimu moja ya moto tatu za baridi. Hiyo haina mjadala, unaijua hapo hapo. Na klachi ikiungua ina harufu yake kali ya karatasi iliyoungua, unaisikia ukipanda mlima au ukirudi rivasi kwa nguvu, siyo ukiwa umetulia gia ya tano.

Ila jambo moja nataka kila anayesoma hapa alishike, harufu ya petroli mbichi usiichunguze huku unaendesha. Simama, zima, watu washuke. Nyingine zote zinasubiri, hiyo haisubiri.

---

foz_nakuru

Boss, mimi ni Mkenya, niko na Forester ya tabo, na hii story yako ni yangu kabisa. Nilikuwa natoka Nakuru nikienda Nairobi kila wiki, nikifika pale jam inaanza kabla ya kuingia mjini gari inaanza kunuka kama kuna kitu kimekufa kwa injini na kimechomwa. Nikaambiwa ni head gasketi. Mwingine akasema ni tabo inavuja oili, nikaanza kutafuta tabo Kirinyaga Road, karibu nilipe.

Kumbe ilikuwa ni buti ya CV jointi, ile raba inayofunika grisi kwa kiungo cha shafti ya tairi, ile ya ndani, upande wa kulia. Kwa hizi gari za tabo bomba la eksozi linashuka upande huo huo wa kulia karibu sana na hiyo buti, raba inapikwa mpaka inakauka inapasuka, na shafti ikizunguka kwa spidi inatupa grisi yote kwa bomba. Mimi nilikuwa nimeendesha hivyo karibu miezi miwili. Lala chini uangalie hapo kwanza, ni bure.

---

moro_bokser

Asanteni sana jamani, sikutegemea majibu haya. Nimefanya mlivyosema, leo nimetoka Dar mpaka Chalinze na kurudi kwa ajili ya hii kazi tu.

Chaji: 14.2 gari ikiwa inaunguruma, taa na AC zimewashwa 13.9. Betri haijavimba, tamino safi.

Rimu: zote nne joto sawa.

Nyuma kwenye eksozi: nilisimama pale mdomoni nikamwambia mdogo wangu akanyage taratibu, harufu ya kawaida ya gari, hakuna yai.

AC: nilipoweka hewa ya ndani harufu ikapungua, baada ya dakika mbili haipo. Nikarudisha hewa ya nje, ikarudi hapo hapo.

Upande: ni wa dereva. Hapo sina shaka. Nimezunguka gari mara tatu, ukiinama karibu na tairi la mbele kulia inakupiga usoni, upande wa abiria unaisikia kwa mbali tu.

Boksi: nililaza jana usiku kucha, hakuna hata tone moja. Hii imenishangaza maana nilikuwa na uhakika nitakuta oili.

Sijalala chini bado, sina stendi, nina jeki ya gari tu.

---

oili_namba_tisini

Mimi nina wazo tofauti na la ndugu yetu wa Nakuru. Hiyo harufu ya yai naona inaelekea kwenye oili ya gia. Oili ya giaboksi, hizi za 75W-90 GL-5, imewekewa dawa zenye salfa na fosforasi ili meno ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi) yasisagane, na ukinusa hata ikiwa ya baridi ina harufu ya yai na kitunguu saumu. Sasa kwenye Subaru giaboksi ya manyuo na difu ya mbele ni nyumba moja, zinatumia oili hiyo hiyo kama lita tatu na nusu, na pale shafti inapotokea kuna oili sili (pete ya raba inayozuia oili isitoke) kulia na kushoto. Sili ya kulia ikichoka oili inatoka inapakaa kwenye bomba. Tone huwezi kuliona kwenye boksi kwa sababu linaungua juu ya bomba kabla ya kufika chini.

Chomoa kijiti cha giaboksi unuse. Ukisema "ndiyo hii hii" basi ni sili. Angalia na kipimo, ikiwa imejazwa kupita inatoka hata juu kwenye pumulio lake.

Na kama ni sili usikubali fundi yeyote aanze kuzungusha kile kikombe kilichoishika bila kuweka alama na kuhesabu mizunguko, maana kile kikombe ndo kinapanga nafasi ya meno ya difu. Ukikirudisha tofauti kidogo difu inaanza kulia, na baada ya hapo ni kununua giaboksi. Sili zenyewe ya kulia na ya kushoto hazifanani, zina mistari ya kurudisha oili ndani kufuata shafti inavyozunguka. Nimeona gari imefungwa ya kushoto kulia, ilivuja siku ya kwanza.

---

injini_lala

oili_namba_tisini umesema kweli tupu na hilo la kikombe ningetaka kila fundi alisome. Ila kuitofautisha sili na buti siyo kazi ya pua, harufu zinafanana, maana hata grisi nyingi za CV jointi zina salfa ndani yake, ile nyeusi inayong'aa kama penseli. Hapa ni kazi ya macho. Grisi iliyorushwa na shafti inapiga mstari, inazunguka duara lote sambamba na pale ilipopasuka, utaikuta nyeusi imeganda kwenye bomba, kwenye bodi ya giaboksi, mpaka juu kwenye chuma cha chesisi. Oili ya gia haipandi juu, inashuka, ni nyembamba, inaacha njia ya unyevu inayoteremka kuanzia kwenye sili.

Na fikiria hesabu. Ukiwa 100 kwa saa tairi lako linazunguka kama mara 14 kwa sekunde moja, na shafti inazunguka nalo. Mjini kwenye foleni haifiki hata mara tatu. Grisi ni nzito, kwa mzunguko mdogo inakaa kwenye jointi, kwa mzunguko mkubwa inatoka kama maji kwenye nguo ya kukamua. Ndo maana mimi naelekea upande wa Nakuru.

Kuhusu kulala chini: usithubutu kuingia chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Wala mawe, wala matofali, tofali linapasuka bila kukuaga. Azima stendi mbili, weka sehemu ngumu tambarare, tia hendibreki na kabari matairi ya nyuma, gari iwe imepoa angalau saa mbili. Au kama una haraka, kata usukani wote kulia, washa tochi, chungulia nyuma ya tairi la mbele kulia kuelekea ndani. Ya ndani imejificha lakini mirusho ya grisi utaiona.

---

moro_bokser

Wakuu nimepata.

Jirani ana gereji ndogo ya bodaboda na bajaji akaniazima stendi mbili na kipande cha mkeka. Tumeinua saa kumi na mbili asubuhi injini ikiwa ya baridi. Kwanza nilinusa kijiti cha giaboksi kama alivyosema oili_namba_tisini, na kweli inanuka inakaribia ile, nikasema basi ni sili. Kipimo kiko sawa, siyo chini siyo juu. Nikaingia chini nikiwa na mawazo ya difu na hela nyingi.

Buti ya nje nzima. Nikafuata shafti kwenda ndani, buti ya ndani ya kulia imepasuka kwenye mkunjo wa pili kutoka upande wa giaboksi, mpasuko umezunguka zaidi ya nusu, raba imekuwa ngumu kama plastiki ya ndoo ya zamani, nikiibonya inakatika. Na grisi iko vile vile mlivyosema, mstari mweusi umepiga bomba, umepiga ubavu wa giaboksi, umepanda mpaka juu. Kwenye bomba imeungua imekuwa ganda la kahawia na nyeusi, nikalikwangua kwa bisibisi nikanusa, ndiyo yenyewe, mke wangu alikuwa kasimama pale nje hata hakuinama akasema hiyo hiyo. Pale kwenye sili pakavu kabisa, nimepitisha kidole na karatasi nyeupe, vumbi tu.

Kushoto buti zote mbili laini, umri ule ule, barabara ile ile. Nikajiuliza kwa nini ya kulia imekauka hivi. Nikamtumia injini_lala picha kwa ujumbe, akaniuliza swali moja, "bati lako liko wapi?" Bati gani? Akanitumia picha ya gari ya mteja wake, kati ya bomba na buti kuna kibati cha kukinga joto kimefungwa kwa bolti. Kwangu tundu za bolti zipo, ziko wazi, bati halipo. Yani bomba limeitazama raba uso kwa uso kwa miezi minne, tangu siku lile bomba lilipofunguliwa kubadilisha gasketi. Siku ile nilikaa pale pale gereji nikisubiri na sikujua kama kuna kitu cha kuhesabu.

Imeniuma sana hii. Siyo kwa hela. Ni kwamba nilikuwa nakaribia kumpa mtu mwingine masega kwa sababu ya kibati kimoja ambacho pengine kilitupwa pembeni kwa kuwa bolti zake zilikuwa ngumu kurudisha.

Sasa naomba maelekezo ya kubadilisha. Nimeona madukani kuna raba buti za kufungua, zile zenye mshono wa gundi unazifunga bila kutoa shafti, na kuna nzima. Nichukue ipi? Na jointi yenyewe itakuwa imekufa?

---

injini_lala

Hongera, umeifanya kazi ambayo gereji nyingi hazifanyi.

Chukua nzima. Zile za kufungua zinafaa kukufikisha nyumbani, lakini karibu na bomba la tabo mshono wake hauvumilii. Shafti inatoka, siyo kazi ya kutisha. Upande wa ndani kuna pini moja inayoishika jointi kwenye kile kishina kinachotoka kwenye difu, ukitoa pini shafti inavutwa inatoka, sili huigusi. Lakini hiyo pini ina upande wake wa kutokea. Angalia tundu, upande mmoja umepanuliwa kidogo mdomoni, pini inaingilia hapo, kwaiyo unaipiga kutokea upande wa pili. Fundi asiyejua anapiga popote, pini inafura inaganda na hapo ndo anaanza kuchomelea vitu visivyohusika. Ukirudisha, hakikisha tundu la jointi na la kishina vinaelekeana kwa upande sahihi kabla hujaisukuma mpaka mwisho. Nati kubwa ya katikati ya tairi nunua mpya, ile ya zamani ilishapigwa ikafungwa, haishiki vile vile tena.

Jointi ifungue uioshe yote, usiongeze grisi mpya juu ya ya zamani, ndani kumeingia mchanga. Ikikauka zungusha kwa mkono, angalia zile gololi na njia zake, ukiona mashimo au rangi ya bluu ya kuungua ibadilishe. Dalili barabarani, ya ndani ikifa gari inatikisika ukikanyaga mafuta na inatulia ukiachia, ya nje ikifa inagonga tak tak ukikata kona. Wewe hujasema lolote kati ya hayo kwaiyo nina matumaini.

Ganda la grisi kwenye bomba lisafishe bomba likiwa la baridi kabisa. Brashi ya waya kwanza, kisha dawa ya kusafishia breki, uiache ikauke. Petroli hapana, najua mafundi tunaitumia kwa kila kitu, ila hapo hapana. Na hiyo dawa ya breki isiguse chuma cha moto, baadhi yake ikiungua inatoa gesi ya sumu mbaya sana.

Harufu haitaisha siku hiyo. Kuna grisi imeingia kwenye mikunjo ya mabati ambayo brashi haifiki, itaungua safari moja au mbili. Usiogope ukiisikia ilimradi inapungua.

---

foz_nakuru

Nimefurahi sana boss. Yangu ilinuka kama kilomita mia mbili hivi baada ya kutengeneza, halafu ikaisha kabisa. Na ile bati yangu pia haikuwa, nilitengenezewa ya kienyeji na fundi wa jua kali, alipima na karatasi ya boksi kwanza, akakata bati, akatoboa. Mpaka leo iko.

---

mama_altezza

Swali kwa injini_lala, hizo tundu za bolti zikiwa zimekufa nyuzi inakuwaje? Naona mabati mengi ya kukinga joto yanafungwa kwa waya.

---

injini_lala

Dada waya wa kawaida unakatika kwa joto, bati linadondokea shafti, ni hatari kuliko kutokuwa nalo. Nyuzi zikifa tunachimba upya kwa tapu (chuma cha kukatia nyuzi) ya saizi inayofuata na kuweka bolti na washa pana. Bati lenyewe liache nafasi pande zote mbili, lisiguse bomba wala buti, maana likigusa bomba linakuwa la moto kama bomba.

---

moro_bokser

Narudi kutoa taarifa, zimepita wiki tatu.

Raba buti nzima na grisi yake nimenunua Gerezani 35,000, nati mpya 8,000, jirani wa bodaboda na fundi mmoja wa Subaru aliyeelekezwa na injini_lala wamefanya kazi nikiwa nimesimama pale na karatasi ya maelekezo haya haya mkononi, nimewapa 50,000. Pini ilikuwa tayari imeshawahi kupigwa upande usio wake zamani, ikatusumbua karibu saa nzima, tukaitoa, tumeweka mpya. Jointi imesafishwa, gololi zina alama ndogo lakini hazina mashimo, fundi amesema itaenda. Bati tumetengeneza la kuiga, tumepima na boksi kama alivyosema ndugu wa Nakuru, tundu moja tumechimba upya.

Safari ya kwanza Morogoro ilinuka Mlandizi na Chalinze, kidogo, bila yai, kama chuma kilichopakwa oili. Ya pili niliisikia mara moja tu, pale Chalinze. Juzi nimetoka na mama kumleta hospitali Dar, tumesimamishwa mara tatu njiani, AC kwenye hewa ya nje, nimekaa nasubiri ile nusu dakika. Hakuna kitu. Mama akauliza mbona nimenyamaza.

Masega yako pale pale yalipo. Nikimaliza mwezi huu nataka kuangalia na buti za kushoto, naona bora nizibadilishe zikiwa bado laini. Kuna mtu anajua duka Dar linalouza lile bati lenyewe la kiwandani, hata la kutoka kwenye gari iliyokatwa? La kuiga linafanya kazi ila linapiga kelele kidogo injini ikiwa ya baridi.

---

injini_lala

Ninalo moja kutoka kwenye Forester iliyogongwa nyuma, ni la tabo pia, ntalipima na gari ya GDA niliyonayo gereji kesho asubuhi. Likikaa nakupigia uje ulichukue.